Mpira wa Gurudumu Dogo

Siku ninayotaka kuwasimulia naikumbuka hata kwa harufu yake, mwanangu Kapinga: harufu ya samaki wabichi, ya vumbi jekundu na ya mpira uliopata moto wa jua. Nilikuwa na umri kama wako. Sogea huku kivulini. Na wewe mkwe wangu Mwepu, acha kusimama kama polisi wa barabarani, kaa chini, hapa ni kwenu.

Mmekuja mmenuniana, kila mmoja anaangalia ukuta wake, na sababu yenyewe ni magurudumu! Mwepu ametoka huko machimboni na jasho lake halali, anataka kununua vetete mbili, zile baiskeli za milimani, zote za inchi ishirini na tisa, rangi moja, kengele moja, ili mkipita mjini watu waseme hawa kweli wanapendana. Wewe Kapinga umeipanda dukani, vidole vikaning'inia hewani, na sasa unasema hutaki baiskeli wala mwenye baiskeli. Mawee! Nimecheka moyoni mpaka nikaogopa mtanisikia. Maana ugomvi huu naujua vizuri. Niliwahi kuuendesha kwa pedali kutoka hapa Kolwezi mpaka Tenke.

Baba yako, Tata Kasongo, huyu mnayemwona amesinzia pale kwenye kiti chake, wakati ule alikuwa kijana mrefu ajabu, akipita mlangoni ni lazima ainame. Mimi mnaniona. Mungu aliponifikia mimi, udongo ulikuwa umekaribia kuisha. Tukitembea pamoja watu walikuwa wanatutania, wanamwuliza Kasongo huyu mtoto unampeleka shule gani. Mimi nilikuwa nawajibu, na majibu yangu mengine siwezi kuyarudia mbele ya mkwe.

Baba yangu alikuwa ameshampenda Kasongo. Lakini kwetu neno la mwisho lilikuwa la Nkambo, babu yangu mzaa baba, aliyetoka Kasai akiwa kijana kuja kufanya kazi ya reli, na alipostaafu akabaki hukohuko Tenke. Mnajua utani wa babu na mjukuu wake wa kike. Nkambo alikuwa akiniita bibi yangu, yaani mke wake, na kila mwanaume aliyenitazama alikuwa mshindani wake. Kwa hiyo mchumba wa mjukuu yeyote alipaswa kwenda Tenke kumwomba mzee amwachie mke. Bila Nkambo kukubali, baba asingepokea mahari hata siku moja.

Na Nkambo alikuwa na sharti lake. Mje kwa kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli hapa kwetu, kila mtu juu ya yake, naye atasimama pale barabara inapokata reli awaone mnavyoingia. Treni, alisema, inabeba watu wote sawasawa, haionyeshi mtu yukoje. Mchumba wa dada yangu Mbuyi alidhani ni mashindano. Alitangulia, akafika, akanawa mikono, na Mbuyi alipoingia anahema, alimkuta mwanaume anamega bukari, ugali wetu. Nkambo alimwacha amalize kula, akamshukuru kwa kuja, akamrudisha kwao. Ndoa ikaishia pale, mwanangu, kwenye sahani.

Basi sisi tulijua. Ni lazima tuingie pamoja, ama sivyo Kasongo atanikosa na mimi nitamkosa. Nilikuwa nampenda mpaka usingizi unaniruka, nasema wazi, hata akiamka pale akisikia shauri yake.

Kasongo ni mtu wa kufikiri. Alikaa, akafikiri, akaja na jibu lililomfanya atabasamu siku nzima. "Ngalula, gurudumu moja, mwendo mumoja," aliniambia. "We unazungusha, mi nazungusha, tunafika pamoja. Nkambo atasema nini?"

Akauza redio yake. Nyinyi watoto wa simu hamtaelewa. Ile redio alikuwa anaifunika na kitambaa usiku isipate baridi. Akaiuza, akaongeza akiba yake, akanunua kinga mbili kubwa za inchi ishirini na nane, nyekundu zote mbili, akafunga utepe mweupe kwenye usukani wa kila moja. Akaziegemeza mlangoni kwetu asubuhi, akaniita nje.

Ungesema nini, Kapinga? Hapa kwetu harusi ni kitenge kimoja, bwana na bibi wanakatiwa nguo kwenye kipande kimoja, mama wa kanisa nao kitambaa kimoja, na anayevaa rangi nyingine anaonekana kama kakosana na watu. Basi kinga mbili za namna moja zilikuwa kama kitenge chetu cha kwanza. Mama zangu wadogo walipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Na mimi nikapiga vigelegele, tena vya juu kuliko vyote, wakati naiona kabisa ile siti inanifika kifuani. Nilimwuliza mama itakuwaje. Akasema utazoea.

Sikuzoea! Kupanda, Kasongo alikuwa ananishikilia kinga mpaka ishike mwendo, halafu anakimbia kurudi kwenye yake. Kushuka, naruka kama mtu anayetoroka kwenye mti wenye siafu. Na barabara ya Tenke siyo ya mtu wa kuruka. Kuna mchanga, kuna mashimo, kuna malori ya madini yanayopiga honi nyuma ya sikio lako. Lori la kwanza liliponipigia honi nilitaka kuweka mguu chini nijizuie, mguu ukatafuta dunia, dunia haikuwapo. Nikaingia kwenye majani na kinga yangu nyekundu juu yangu. Dereva akapunguza mwendo, akatoa kichwa, akaniambia pole mama, halafu akacheka mpaka lori likapotelea kwenye vumbi.

Kasongo alinipangusa. Mara ya pili alinipangusa. Baada ya hapo hatukuhesabu tena. Gurudumu moja kweli, lakini miendo ilikuwa miwili: yeye yuko mbele anasubiri, mimi niko nyuma natukana. Tulipokaribia daraja la Lualaba nilikuwa nimevimba goti na moyo pia. Nikaitupa kinga pembeni.

"Kasongo," nikamwambia, "hii kinga ni ya miguu yako. Umeninunulia miguu yako wewe."

"Nimeuza redio yangu," akasema polepole.

Ee mwanangu, neno lile liliniuma kuliko kuanguka. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Tukakaa pale juu ya kingo, maji yanapita chini yetu, kila mmoja anafikiria sura ya Nkambo pale kwenye reli. Nikijikaza na ile kinga, tutafika yeye amenishika siti kama anayefundisha mtoto. Nikitembea kwa mguu, tutafika kesho kutwa, na nani atasimama kutusubiri? Nililia kidogo. Kasongo akanipa leso yake, halafu na yeye akaihitaji.

Hapo ndipo akatokea Ilunga, muuza samaki. Tulimsikia kabla ya kumwona, maana kila akizungusha pedali alikuwa anaugulia maumivu, "yai, yai, yai". Mtu mrefu kuliko hata Kasongo, na chini yake vetete ndogo ya inchi ishirini na sita, magoti yanakaribia kumpiga kidevu, na nyuma kapu la samaki limeinamisha kinga yote. Wakati ule vetete zilikuwa mpya huku kwetu, na kuwa nayo ilikuwa fahari. Alisimama kutupa pole, akaona kinga yangu kwenye majani, akasahau na pole yenyewe.

"Mama, hii inalala hapa sababu gani?" akaniuliza.

"Inanikataa, tata."

"Na hii yangu inaniua!" akasema. "Kaka yangu wa Lubumbashi alinitumia, nikawaonyesha wote pale kwetu, sasa naona haya kuiacha. Samaki banaoza njiani, magoti nayo banataka kutoka."

Tukatazamana sote watatu. Hakuna aliyesema neno la kubadilishana. Mimi nilienda tu kwenye ile vetete yake, nikapitisha mguu, nikakaa. Nyayo zangu zote mbili zikagusa chini. Sijui kama umewahi kukaa kwenye kitu ukasikia mwili wote unasema aksanti. Nilipiga kelele pale darajani ndege wakaruka.

Nikageuka kumtazama Kasongo, maana redio ilikuwa yake. Mwanaume mwingine angenuna. Kasongo alienda kwenye ile kinga nyekundu aliyoiota na kuinunua, akafungua utepe wake mweupe, akaja akaufunga kwenye usukani wa vetete chakavu inayonuka samaki. Kwangu mimi harusi ilifanyika pale, hayo mengine ya kanisani yalikuwa ni kuandika tu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Tulikuwa na mpira wa ndani mmoja wa akiba, wa gurudumu kubwa, Kasongo alikuwa ameuviringisha chini ya siti. Ilunga naye alikuwa na mmoja, wa lile dogo. Akasema kila kinga iende na mpira wake. Kasongo akakataa: "Huo mudogo wa nini? Kinga yangu ni kubwa. Ikitoboka mi nitafanya nini na mupira wa mutoto?"

Nikamwambia, bwana wangu, mizigo tunafungia nini hapa Kolwezi? Si vipande vya mpira wa ndani? Ukiuvuta unavutika, unazunguka hata gunia la makaa. Lakini ukiwa mrefu kuliko mzigo, unafanyaje? Unabaki na makunjo, unalegea, na mzigo unaanguka. Mpira mdogo utaingia kwangu na ukivutwa utaingia na kwako. Mkubwa utaingia kwako tu. Kwangu utajikunja na kujibana mpaka upasuke.

Hakuamini. Nilijua kwa namna alivyokohoa. Lakini alitoa ule mkubwa akampa Ilunga, akauweka mdogo chini ya siti yake, akasema, "Tutaona." Na Ilunga akaondoka juu ya ile kinga nyekundu, mgongo umenyooka, samaki wametulia, anaimba.

Nanyi mnataka kujua safari ilikuwaje baada ya hapo. Tamu! Mimi nilitangulia, Kasongo akafuata. Ilikuwa akili yake hiyo, naye anastahili sifa. Aliona gurudumu lake kubwa likishika mwendo linateleza tu lenyewe, akitangulia atanipoteza bila kujua, lakini akiwa nyuma yangu ananiona. Kwenye kona na mchanga nilikuwa nageuka upesi kumzidi, kwenye tambarare yeye alikuwa anapumzika ananiimbia. Tulilala kwa shangazi yangu kijijini, mimi chumbani kwake, Kasongo kwa wajomba, Mwepu usinitazame hivyo. Asubuhi tukaendelea.

Tulikuwa tumeshaanza kuona mabati ya Tenke yanang'aa wakati gurudumu la nyuma la Kasongo lilipotoa pumzi. Kipande cha chuma. Tukafungua, tukakuta mpira umechanika pale kwenye vali, na hapo kiraka hakishiki hata ufanyeje. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Nkambo alikuwa hasubiri mtu baada ya sala ya jioni.

Kasongo akanitazama. Akautoa ule mpira wa mtoto. Tukautia pumzi kidogo, tukauvuta huku na huku juu ya lile gurudumu kubwa, mimi nashika, yeye anavuta, jasho linatutoka, tunacheka bila sababu. Ukavutika. Ukazunguka. Ukaingia chini ya tairi kama umezaliwa humo. Alipomaliza kupiga pampu, Kasongo aliliinua gurudumu, akalibonyeza na kidole gumba, likakataa kubonyea. Akapiga magoti pale kwenye vumbi akanisalimia kama anavyosalimiwa chifu. Nikamwambia inuka, tunachelewa.

Tukaingia Tenke bega kwa bega. Nkambo alikuwa amesimama pale kwenye reli na kofia yake ya zamani ya kazi, fimbo mkononi, na uso hauna furaha hata kidogo. Maana habari ilikuwa imetangulia. Mama wa kwaya ya kanisa letu walipanda treni, wakamhadithia zile kinga mbili nyekundu, na Nkambo akakasirika. Kuku alikuwa bado amefungwa mguu mlangoni, mzee alikataza asichinjwe.

"Nilisikia kijana mumoja ananunua kinga mbili sawasawa," akasema, hata salamu hakutoa. "Anapandisha bibi yangu juu ya kipimo chake yeye. Nikasema, huyu mutoto hajamwona Ngalula. Anaona Kasongo wa pili tu, mwenye kuvaa kitenge." Halafu akatazama vizuri. Akatazama kinga kubwa, akatazama ndogo, akatazama utepe. "Zile sawasawa ziko wapi?"

Kasongo angeweza kudanganya. Akasema kila kitu, redio, majani, daraja, samaki. Nkambo akamsikiliza amefumba macho. Mwishoni akauliza neno moja.

"Na njiani mulibeba mupira wa nani?"

"Wa huyu mudogo, Nkambo. Sasa hivi uko mu gurudumu langu."

Mzee akaenda akainama, akabonyeza tairi la nyuma na kidole chake. Likakataa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye reli, akashika fimbo kwa mikono miwili asianguke na yeye. Halafu akalia kwa utani, machozi ya uongo na ya kweli kwa pamoja, anawaita majirani: "Kuyeni muone, mi nanyang'anywa bibi! Nanyang'anywa muchana!" Akamkumbatia Kasongo kiunoni, maana ndipo mikono yake ilipofika. Akageuka nyumbani akapaza sauti: "Na huyo kuku anasubiri nini?"

Tulipokula akamwambia Kasongo neno moja zaidi, nami nawapa nyinyi kama alivyolitoa. Alisema: kesho nenda sokoni ununue mpira wa kipimo chako, na ule mdogo umrudishie Ngalula. Mpira uliovutwa umekusaidia kufika. Usiuache umevutwa hivyo mwaka mzima, utachoka na siku moja utapasuka, na wewe utashangaa. Kasongo alienda asubuhi na mapema.

Haya, mwanangu. Nasema sasa bila kuzunguka. Mwepu, chukua ishirini na tisa yako, una miguu yake, furahi. Kapinga atachukua ishirini na saba na nusu, au hata ishirini na sita, ile ambayo akiikalia imesimama nyayo zinagusa chini, na rangi achague mwenyewe. Mkitaka kufanana, vaeni kitenge. Njiani mwenye mwendo mdogo atangulie, na mpira wa akiba uwe wa gurudumu dogo, maana huo ndio utakaowafikisha wote wawili. Na nyumbani fanyeni hivyohivyo. Mkipanga kazi, chakula, wageni, hata kusameheana, pangeni kwa kipimo cha yule ambaye siku hiyo nguvu zake ni kidogo. Na aliyejivuta kwa ajili ya mwenzake, kesho yake apumzishwe.

Nimesema siku hiyo. Msidhani mdogo ni mimi milele kwa sababu ya hiki kimo. Tangu goti lake liharibike, Tata Kasongo hawezi kuinua mguu juu. Sasa ni yeye anayepanda vetete ndogo, ile ya Ilunga, tumeitengeneza mara nyingi mpaka cha zamani kimebaki fremu tu. Magoti yanamkaribia kidevu, anasema "yai, yai, yai", na mimi nafuata nyuma na kinga yangu. Jumamosi tukienda shambani watu wanacheka. Wacha wacheke. Tunaingia pamoja.

Mnaona, ameamka. Anauliza kitu. "Ngalula, mupira wangu umebeba?"

Nimebeba, bwana wangu, uko chini ya siti yangu.

Njooni niwawekee mikono kichwani, wote wawili, karibianeni, ugomvi wa kinga umeisha. Mungu awape barabara ndefu na pumzi ya kuimaliza. Malori yawapishe, mchanga uwabebe. Mzae watoto wenye miguu ya kila kipimo, na kila mmoja apate gurudumu lake. Na popote mtakapofika, awepo mtu amesimama anawasubiri, na awaone mnaingia bega kwa bega.